Kabla Hamjauza Kiwanja kwa Sababu ya Mwingereza wa Avro

Dada yangu mpendwa, na wewe mpwa wangu, uliyehitimu matengenezo ya ndege pale NIT, chuo cha usafirishaji, na sasa umeanza kazi karakanani,

Nimesoma ujumbe mliousambaza kwa ukoo mzima, unaomsifu James Floyd, mhandisi wa ndege mzaliwa wa Manchester, aliyehamia Kanada, akasimamia uundaji wa ndege zilizoushangaza ulimwengu, na kufariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 110. Chini ya sifa hizo mmeongeza kwamba Kanada inajua thamani ya fundi ndege, na kwamba kiwanja cha Chanika kinatafutiwa mnunuzi ili wakala wa viza apate malipo yake ya kwanza. Nilitaka kujibu kwa simu, lakini kwa simu tungegombana, na shemeji angeingilia kati kwa mizaha yake, kwa hiyo ninaandika.

Mliyoyasema juu ya mzee yule ni kweli. Mimi ninafanya kazi katika uwanja uleule wa ndege wa Malton, hapa Toronto, ambao siku hizi unaitwa Pearson, na ambako kiwanda chake kilikuwa, na jina lake nililisikia mapema kutoka kwa wazee wa hapa wanaolitaja kwa heshima na uchungu. Kinachonikera ni dhana yenu kwamba mlango alioupitia yeye ndio huu tunaoubisha sisi.

Floyd aliingia kampuni ya Avro huko Uingereza mwaka 1930, akiwa kijana mdogo, kama mwanagenzi. Kampuni hiyo ndiyo iliyobuni ndege ya kivita ya Lancaster, na wakati wa vita ndege hizohizo ziliundwa pia hapa Malton, ambako zilitoka 430, hadi vita vilipokwisha na kundi la makampuni lililoimiliki Avro likakinunua kiwanda. Kwa hiyo alipovuka bahari mwaka 1946 hakuwa mtu wa kubisha hodi wala kusambaza maombi ya kazi, bali mfanyakazi aliyehamia tawi jingine la nyumba yake mwenyewe, ambako kila bwana mkubwa alikwisha kumfahamu. Uraia wa Kanada wenyewe ulianza kisheria tarehe 1 Januari 1947, maana yake ni kwamba siku aliyofika, yeye na wenyeji wake walikuwa raia wa mfalme mmoja, na kanuni za uhamiaji zilimweka mtu kama yeye mbele kabisa ya foleni. Upendeleo wa asili na rangi ulianza kuondolewa katika kanuni za mwaka 1962, na huo mfumo wa alama ambao wakala wenu anawapigia hesabu ulikuja mwaka 1967. Babu zetu wa Tanganyika nao walitawaliwa kwa jina la mfalme huyohuyo, ila wao hawakuwa na foleni ya kupanga.

Sasa nije kwangu. Majira ya baridi ninashinda usiku ndani ya kikapu cha mtambo, juu ya mabawa, nikinyunyiza dawa ya moto yenye rangi ya machungwa inayoyeyusha barafu, halafu ile ya kijani inayoizuia isigande tena kabla ndege haijaruka. Ni kazi halali, ina mshahara, na ni afadhali kuliko kubeba maboksi, jambo ambalo pia nimelifanya. Lakini fahamuni kwamba ndege za abiria za Q400 ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016 ziliunganishwa katika jiji hilihili la Toronto, pale Downsview, na kwamba ndege za aina hiyo ambazo nyumbani nilizifungua na kuzifunga mpaka nikazijua matumbo yake zinapita mbele yangu hapa, na ruhusa yangu juu yake inaishia kwenye dawa ya barafu. Kijana aliyezaliwa wakati mimi nikiwa tayari kazini ndiye anayeniambia nisogee ili aangalie nati ambayo mimi ningeweza kuifunga gizani.

Tatizo ni saini. Ndege ikishatengenezwa haitolewi kwenda kuruka mpaka fundi mwenye leseni aweke saini kwamba kazi imefanyika ipasavyo, na leseni hiyo hapa hutolewa na serikali kuu kupitia Transport Canada, kwa madaraja: M1 kwa ndege ndogo, M2 kwa kubwa, E kwa mitambo ya umeme na elektroniki. Mitihani hainitishi. Kinachonila ni ushahidi wa uzoefu, kwa sababu wanataka miezi 48 ya kazi iliyoandikwa, kila kazi na aina ya ndege, tarehe na jina la aliyeithibitisha. Msimamizi aliyeniwekea saini sehemu kubwa ya kitabu changu cha kumbukumbu za kazi alistaafu, akaenda kwao, akafariki, Mungu amrehemu. Barua niliyoiomba kwa mwajiri wangu wa zamani ilichelewa, ikafika bila tarehe za kuanza na kumaliza kazi, nikaomba nyingine, ikaja na mhuri usiofanana na ule wa kwanza, na karani wa huku akaniuliza kwa upole kabisa ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli. Upole wao huo ndio unaoumiza, maana mtu hakutukani hata ukapata sababu ya kukasirika, anakurudishia tu bahasha.

Wakala atawaambia kwamba Ontario ilifuta sharti la uzoefu wa Kanada mwaka 2023. Kweli ilifuta, lakini hilo lilihusu taaluma zinazosajiliwa na vyombo vya jimbo, kama uhandisi, wala halikugusa leseni ya fundi ndege, ambayo si ya jimbo. Mwulizeni tofauti hiyo kabla hamjampa hata shilingi. Akibabaika, mmekwisha kupata jibu.

Na katika sifa za Floyd mmeruka sehemu ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko umri wake. Ndege yake ya abiria, Jetliner, iliruka tarehe 10 Agosti 1949, siku 14 tu baada ya Comet ya Waingereza, ndege ya kwanza ya abiria ya injini za jeti, ambayo toleo lake la baadaye Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuja kulitumia kuanzia mwaka 1960. Mwezi Aprili 1950 ilitoka Toronto ikafika New York kwa muda usiotimia saa moja, na tajiri Howard Hughes akaitamani. Pamoja na hayo yote serikali ya Kanada iliamuru kampuni ielekeze nguvu kwenye ndege za kivita kwa sababu ya vita vya Korea, na Jetliner ikaishia kukatwa vyuma chakavu, kikabaki kichwa chake katika makumbusho ya Ottawa. Kisha ikaja Arrow, ndege ya kivita iliyoruka Machi 1958. Ijumaa ya tarehe 20 Februari 1959 serikali ya waziri mkuu Diefenbaker iliufuta mradi huo, na siku hiyohiyo wafanyakazi zaidi ya 14,000 wakatangaziwa kwa vipaza sauti kwamba hawana kazi. Ndege zilizokwisha kuundwa zikakatwakatwa, na michoro ikaamriwa iharibiwe. Wastaafu wetu wanaokumbuka mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, watauelewa msiba huo bila kuelezwa.

Floyd alirudi Uingereza, akaongoza usanifu wa ndege za mwendo unaozidi wa sauti, baadaye akawa mshauri katika mradi wa Concorde, na Kanada aliirudia akiwa mstaafu. Wenzake, kundi zima la wahandisi, walichukuliwa na NASA, wakashiriki safari za anga za Wamarekani. Hapo ndipo ninapopata kinyongo, na sioni haya kukiri. Ndege zao zilikatwa, michoro ikaharibiwa, yaani ushahidi wenyewe uliteketezwa kwa amri, na bado hakuna aliyewaambia walete barua yenye mhuri. Waliaminiwa kwa majina yao. Mimi ndege nilizozitengeneza bado zinaruka na abiria wamo ndani, lakini uzoefu wangu unategemea saini ya marehemu.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usije. Kaa hapo, pata leseni ya nyumbani, taifa linanunua ndege na mafundi hawatoshi. Nasema hivi nikijua kwamba mwaka huu hapa nilipo wametafuta mafundi wenye M2 bila kuwapata, na kwamba ungekuwa na karatasi kamili ningekuambia upande ndege kesho, ulale sebuleni kwangu, ule ugali wangu. Njoo basi, lakini usije kama nilivyokuja mimi. Dada, kiwanja kisiuzwe. Fedha za matibabu ya mama zitaendelea kuja kila mwisho wa mwezi kama kawaida, kwani nisipokuwapo kumwinua kitandani, hilo angalau naliweza, ila wakala sitamlipa hata senti moja.

Wiki hii, mpwa wangu, peleka kitabu chako cha kumbukumbu za kazi kwa kila msimamizi aliyewahi kukuongoza. Kila kazi ipate jina lake kamili, saini, namba ya leseni na tarehe inayosomeka, na barua za mwajiri zitaje siku ya kuanza na aina za ndege, kwa mhuri mmoja usiobadilika. Piga picha kurasa zote unitumie. Anza na yule mzee wa zamu ya usiku anayestaafu Desemba.