VPN haimfichi mtoa habari wako: kwa mnaoanza dawati la mtandaoni

Wadogo zangu mliojiunga na dawati letu la habari msimu huu, bidii yenu naiona na nawapenda kwa hilo. Lakini juzi nimeisikia tena kauli inayonikosesha usingizi: "Usijali kaka, nimewasha VPN," yaani ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya kampuni nyingine, tovuti zikuone kama unatokea huko. Aliyeisema alikuwa ameingia kwenye Gmail yake mwenyewe, yenye jina lake na namba yake ya simu, akimpekua mtu ambaye hakutakiwa kujua kwamba tunamchunguza. Akaunti ikishakutambulisha, Google inakujua hata ukionekana unatokea Uholanzi.

1. Kabla ya kupakua programu yoyote, jiulize: namficha nani, asione nini? VPN inamzuia mtoa huduma wako wa intaneti asione unafungua tovuti zipi, na inazificha tovuti anwani yako halisi ya intaneti, basi. Mwenye VPN ndiye anayeziona sasa, na kama ni ya bure, uliza analipwa na nani. Tena kumbukeni tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, la Oktoba 2023 lililowataka wanaohitaji VPN kikazi watoe taarifa zao. Hali fiche ya kivinjari (incognito) nayo inasafisha historia kwenye kifaa chako tu. Kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hilo iliishia 2024 kwa Google kukubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu walioitumia.

2. Picha. Hapa lazima nikae, maana hapa ndipo tunapowaponza watu. Tuna mazoea dawatini ya kumwandikia mtoa habari, "Nitumie kama dokumenti, ubora usipungue." Ni kweli WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana, lakini katika kuibana inaondoa na taarifa zilizobebwa ndani ya faili. Ukiituma kama dokumenti inafika nzima: aina ya simu, saa iliyopigwa, na kama lokesheni ya kamera iliwashwa, mahali penyewe. Wiki iliyopita nimefungua faili ya namna hiyo mbele ya mmoja wenu. Tukabonyeza maelezo, ramani ikafunguka, nukta ikatua juu ya paa la nyumba ya yule mama aliyetuomba tusimtaje hata mtaa. Na ile faili ilikuwa tayari iko kwenye grupu la dawati, watu chungu nzima.

Msidhani ni ushamba wetu peke yetu. Desemba 2012 John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya antivirusi inayobeba jina lake, alikuwa ameikimbia Belize, polisi wakitaka kumhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice walikuwa naye mafichoni, wakachapisha picha yake iliyopigwa kwa iPhone 4S. Lokesheni ilikuwa imo ndani ya faili. Wasomaji wakaisoma: Guatemala, eneo la Rio Dulce. Siku chache baadaye akakamatwa huko kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Mtu aliyejenga jina lake kwa programu za kulinda kompyuta alifichuliwa na wanahabari waliokuwa upande wake, bila yeyote kudukua chochote. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiwaona mnapakia picha kwa pupa ya kuwahi kuposti.

Dawa yake: zima lokesheni ya kamera, na kabla ya kuchapisha piga skrinishoti ya picha, tumia hiyo.

3. Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta kadhaa ili isijulikane umetokea wapi, ni nzuri, lakini usiwe peke yako ndani yake. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya mabomu asubuhi ya mtihani wake wa mwisho, kwa barua pepe ya muda na kupitia Tor. Wapelelezi hawakuhangaika kuivunja Tor. Waliangalia nani aliitumia kwenye Wi-Fi ya chuo saa hizo, wakamfuata, akakiri. Yule alistahili kukamatwa, ila njia iliyomfikia ndiyo hiyo hiyo itakayomfikia mfanyakazi anayetuvujishia nyaraka kwa Wi-Fi ya ofisini kwake.

4. Ujumbe wa Signal, programu ya kutumiana ujumbe kwa siri, hausomeki njiani, sawa. Lakini laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, minara inajua ulipo, na aliyeishika simu ya mwenzako ikiwa wazi anasoma kila kitu. Weka ujumbe unaojifuta. Weka PIN ya WhatsApp (uthibitishaji wa hatua mbili) leo, maana mtu akijifanya wewe na kurudishiwa laini yako kwa wakala, akaunti inaondoka nayo.

Kesho baada ya kikao cha asubuhi njooni na simu zenu. Tunaanza na yale mafaili yaliyobaki kwenye grupu, moja moja, na yule mama nitampigia mwenyewe.