Ifuatilie dola yako hadi inapolala

Jumamosi ya Machi 11, 2023, niliamka alfajiri nikakuta USDC, sarafu ya kidijitali inayopaswa kuwa sawa na dola moja, inashuka. Kabla ya adhuhuri ilikuwa karibu na senti 88. Mwanzoni sikushtuka sana, kwa sababu akiba yangu ya DeFi, yaani huduma za fedha za kidijitali zinazoendeshwa na programu bila benki, nilikuwa nimeigawa mafungu matatu: USDC; DAI, sarafu nyingine ya dola moja; na hisa katika kapu la Curve, soko la kubadilishana sarafu kama hizi, lenye USDC, DAI na USDT, ambayo nayo ni ya dola moja. Nilidhani nimepanga mafiga matatu.

Nikaangalia DAI. Nayo inashuka.

Jana yake Silicon Valley Bank ya California ilikuwa imefungwa, na Circle, watoaji wa USDC, wakatangaza kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yao zimekwama humo. Lakini DAI si ya Circle, sasa iliambukizwaje? Mfumo wa Maker (tangu 2024 unaitwa Sky), unaotoa DAI, ulikuwa na dirisha la kubadilishia: weka USDC moja, chukua DAI moja. Dirisha hilo ndilo lililokuwa likiishikilia DAI kwenye dola kila siku. Siku ile watu wakalikimbilia na USDC zao zilizoshuka, na dhamana ya DAI, yaani mali inayoipa thamani yake, ikazidi kuwa USDC ileile.

Kwenye Curve hali ilikuwa mbaya zaidi. Kila mwenye hofu aliingiza USDC au DAI, akatoka na USDT, hadi USDT ikakaribia kwisha kapuni. Sisi wenye hisa tukabaki tumeshika kile ambacho wenzetu wanakikimbia. Hakuna aliyetuibia, programu ilifanya kazi yake sawasawa.

Niliuza DAI zangu kwa senti 91. Usiku wa kuamkia Jumatatu serikali ya Marekani ikatangaza kuwa wateja wa benki ile watapata amana zao zote, bei zikapanda, mimi hasara ikanibakia.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujaweka hata shilingi, chukua karatasi uchore: sarafu hii inasimama juu ya nini, na hicho nacho juu ya nini, mpaka ufike benki au dhamana ya mwisho. Mistari miwili ikikutana chini, hilo ni fungu moja, hata kama majina ni mawili. Na ukiwa na hisa kwenye kapu, tazama mgao wake kila siku. Uko wazi kwa yeyote. Sarafu moja ikianza kuzidi wenzake kwa kasi, mimi hutoa changu kwanza, sababu naitafuta baadaye.