Kabla Hujatoka Malindi Kwenda Kisumu kwa Pikipiki

Juzi kijana mmoja wa Mokowe, kule Lamu, kanitumia ujumbe: "Kaka, nataka kwenda Kisumu na Boxer yangu ya 150. Ramani yaniambia nipite Sala nitokee Voi. Wasemaje?" Nilipoliona hilo jina la Sala nikaweka chini kikombe cha chai.

Miaka minne nyuma tulikuwa wanne, na aliyechagua njia ni mimi. Kwenye simu niliuona mstari umetoka Malindi ukaelekea magharibi kuufuata mto Galana, ukakata Tsavo Mashariki hadi Voi. Mombasa yote unaikwepa! Nikawaambia wenzangu, mimi mzaliwa wa hapa, nifuateni. Tukapita Kakuyuni, tukapita Langobaya, mimi mbele kama nahodha. Kwenye lango la mbuga, ndilo hilo la Sala, askari akatoka kibandani taratibu, akaweka kiganja juu ya taa ya pikipiki yangu kama mtu anayezuia ng'ombe. "Pikipiki haziingii mbugani."

Nilibembeleza. Nikasema tutakwenda pamoja, hatutasimama. Akanionyesha kinyesi cha ndovu pembeni mwa njia, bado kibichi, akarudi kivulini kwake. Alikuwa na haki. Ndani kuna simba, nasi hatuna hata mlango wa kufunga.

Tulirudi Malindi mchana, nusu tangi imeteketea. Hakuna aliyenitukana. Mmoja alisema tu, "Sawa, nahodha." Mwaka uliofuata walikwenda Moyale, nami nikajua kwa kuona picha zao WhatsApp. Bado inaniuma, siwezi kuficha.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nikaenda Kisumu peke yangu, na nikafika. Basi nisikilize.

Toka Malindi baada ya swala ya alfajiri. Ukishapita Kilifi, pale Mavueni kata kulia, ushike njia ya Kaloleni. Ni lami katikati ya minazi, inakutoa Mariakani bila kukanyaga foleni ya Nyali wala ya Changamwe. Njia hii sikuipata kwenye simu. Nilipewa na mzee mmoja dereva wa lori la nazi, kwa kumsalimia na kumuuliza.

Mariakani ndipo safari inapoanza kweli, maana hapo unaingia kati ya malori ya makontena. Karibu na Mackinnon Road lori lilinipita kwa kasi, turubai lake limefunguka upande mmoja, kamba inachapa hewani. Kwanza upepo ulinisukuma nje hadi tairi likaonja mchanga, kisha ukanivuta ndani kuelekea magurudumu. Tangu hapo, nikiona lori kubwa linakuja, napunguza mwendo mapema, nainama, nashika usukani imara bila kuukaza. Na jua likizama nisiwe barabarani. Nililala Mtito Andei, ambapo ni kama katikati ya Mombasa na Nairobi.

Kutoka hapo hadi Athi River sina la kusimulia, ni lami na jua.

Nairobi usije ukapanda ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022. Pikipiki haziruhusiwi, ni Sala nyingine hiyo. Shika Southern Bypass ikutoe upande wa Kikuyu, kisha uteremke Mai Mahiu kwa gia ndogo, si kwa breki.

Na baridi, ndugu yangu! Sisi tuliozoea kusi na kaskazi twadhani baridi ni upepo wa baharini. Baada ya Nakuru, kule Mau Summit, vidole vyangu vilikataa kufinya klachi, nikasimama kuvipasha moto kwenye injini. Beba glavu nzito. Kericho upite asubuhi, kwa sababu mchana mvua huwa haikosi kwenye ile michai.

Vijana wa pwani, ulizeni. Kuuliza si unyonge. Kilomita zilizopungua kwenye ramani hazikuambii nani anakungoja njiani, wala kama lango litafunguka. Muulize dereva wa lori, muulize wa petroli, muulize askari kabla hujamfikia.

Nawe wa Mokowe, ukifika Malindi jioni usipitilize. Nipigie, utalala kwangu. Asubuhi tutakula mahamri na mbaazi, nami nitakusindikiza hadi Mavueni, nikuonyeshe pa kukata.