Umemaliza Kidato cha Sita na unataka kusoma kompyuta mtandaoni? Nunua daftari la hesabu kwanza

Mtihani wa Kidato cha Sita unaisha Mei, chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo katikati unakaa nyumbani, unatumwa dukani, na kila mgeni akiingia swali ni lilelile: "Matokeo bado?" Mimi miezi ile niliimalizia kwenye CS50x, kozi ya sayansi ya kompyuta ya chuo kikuu cha Harvard anayofundisha David Malan. Ni ya bure, na haikuulizi kama ulisoma PCM au HKL. (Kama jina lako limetoka kwenye orodha ya JKT, nenda kambini kwanza. Kozi haina mbio.)

Nilianza vibaya. Nilipakua mihadhara kwa bando la usiku, kwa ubora wa chini kabisa ili bando lisikate, nikawa naitazama kitandani kama tamthilia. Na kweli Malan ana mbwembwe: anachana kitabu cha simu vipande viwili jukwaani, ukumbi unacheka. Ndani ya siku kumi nikawa nimefika wiki ya 4, nimeshajiona mtaalamu. Kisha nikafungua zoezi la wiki ya 1. Sikuweza kuandika hata mstari mmoja.

Zoezi lenyewe ni ngazi za Mario, yule wa gemu. Programu inakuuliza urefu, tuseme 4, halafu inachora ngazi kwa alama za reli (#), zikiwa zimeegemea kulia. Ukiitazama unasema hii nayo ni kazi? Ilinichukua siku tatu. Nilikuwa nabadilisha namba hovyo, naituma kwenye kikaguzi cha kozi, kinanirudishia vikatuni vyekundu vilivyonuna, nabadilisha tena. Siku ya tatu umeme ukakatika, laptopu ikazima, nikachukua daftari la hesabu la mdogo wangu, lile la miraba, nikachora ngazi kwa penseli. Pembeni ya kila mstari nikahesabu nafasi tupu: 3, 2, 1, 0. Alama za reli: 1, 2, 3, 4. Kila mstari jumla ni 4! Kumbe nafasi tupu ni urefu ukitoa namba ya mstari, basi. Umeme uliporudi niliandika programu nzima kwa muda wa kunywa chai, na vile vikatuni vikawa vya kijani, vinatabasamu.

Nikarudi wiki ya 0 (ndiyo, wanaanzia sifuri) na kujiwekea sharti: zoezi ambalo halijaingia kwenye daftari haliingii kwenye laptopu. Sharti hilo liliniokolea bando pia. Kodi za CS50x unaziandikia ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata laptopu ya mtumba inatosha, ila bila intaneti huna unachofanya. Fikiri ukiwa nje ya mtandao, ingia ukiwa tayari unajua unachokwenda kuandika.

Kodi, nimesema. Siku moja mama aliniuliza nafanya nini usiku wote ule. "Naandika kodi, mama." Akashtuka: "Kodi ya nani? Si tuko kwetu hapa?"

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu. Watu wa kompyuta wana desturi ya kumweleza bata wa mpira tatizo lao kwa sauti, wakiwa wanaeleza wanaliona kosa wenyewe. Sisi hatuna bata wa mpira, nilikuwa na mama anachambua mchele. Nilimweleza utafutaji wa kugawa nusu kwa kutumia kamusi, maana kile kitabu cha simu cha Malan hakuna anayekijua siku hizi: fungua katikati, kama neno liko mbele acha nusu ya nyuma, gawa tena. Kamusi ya kurasa 1,000 unafika kwenye ukurasa wako kwa kugawa mara 10 tu. Mama akasema, "Na kama maneno hayajapangwa?" Nilinyamaza. Hilo ndilo sharti la njia yote, na mimi nilikuwa nimeliruka.

CS50x wana bata wao wa akili unde, anakupa dokezo bila kukutafunia. Tumia huyo. ChatGPT na wenzake hawaruhusiwi kwenye mazoezi, na hata wangeruhusiwa ningekwambia uwaache hadi umalize.

Wiki ya 4 na ya 5 ndizo mlima: kumbukumbu ya kompyuta, pointa (anwani za mahali data ilipokaa), miundo ya data. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulianza watano, hapo tukabaki wawili. Pita polepole, wiki moja ikila tatu poa tu. Wiki ya 6 inaleta Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, na ngazi za Mario zinaandikika kwa mistari michache hadi unakasirika kwa nini uliteswa na C, lugha ya wiki za mwanzo. Wapo watakaokushauri uanzie hukohuko kwenye Python. Mimi nasema hapana, maana C ndiyo iliyonionyesha kinachotokea chini ya sakafu.

Cheti usinunue. Ukimaliza mazoezi yote pamoja na mradi wa mwisho, CS50 wenyewe wanakupa cha bure. Kile cha kulipia cha edX, tovuti nyingine inayobeba kozi hii, hakikuongezei pointi hata moja kwenye udahili, maana chuo kinaangalia matokeo yako ya Kidato cha Sita.

Muhula wa kwanza chuoni tulifanya mtihani wa C kwa kalamu na karatasi. Hakuna kivinjari, hakuna vikatuni vya kijani. Ukumbi uliguna. Mimi niliomba karatasi ya ziada nikaanza kuchora miraba.

Mdogo wangu anamaliza Mei ijayo. Daftari nimeshamrudishia, laptopu bado.