Fundi asikubanie vinili hadi ukutani

Mwambie huyo fundi wako asimamishe kazi kesho asubuhi, kabla hajatandika safu ya pili. Umeandika kwamba anakusudia kusukuma vibao vya vinili, vile vya plastiki vya kutandika sakafuni, mpaka viguse ukuta "ili mende wasipate pa kujificha", na papo hapo unatuuliza ni rangi ipi isiyoonyesha vumbi. Rangi itasubiri. Maneno hayo hayo ya mende niliambiwa mimi hapa Tanga, nikayaona ya busara, nikalipa mara mbili.

Sebule yangu ya Raskazone ni ya mita 6 kwa 4, na ina mlango mpana wa kioo unaotazama magharibi. Tuliitandika mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Fundi alibana kila upande kwa nyundo ya mpira, akaziba kwa saruji nyeupe kila palipobaki uwazi, kisha, kwa ujasiri wa mtu asiyelipia makosa yake, akatoboa vibao hadi kwenye zege na kukaza kwa skrubu kabati la televisheni pamoja na ukanda wa alumini wa kizingitini. Kwa miezi mitano nilitembea peku kwa madaha. Januari, kaskazi ilipokolea na jua la alasiri likawa linapiga moja kwa moja kupitia kioo, nilisikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjwa, na jua lilipotua palikuwa na nundu ndefu katikati ya sebule, inayobonyea ukiikanyaga na kuinuka ukiondoa mguu. Wanangu waliibatiza jina la Lushoto na wakawa wanaipandisha magari yao ya kuchezea.

Vinili ya aina hii haigandishwi chini kwa gundi. Kila kibao kina ulimi unaoingia katika mfereji wa mwenzake, hivyo sakafu nzima huwa kama mkeka mmoja uliolala tu juu ya zege. Joto likizidi hutanuka, na kule kutanuka kudogo kwa kila kibao hujumlishwa safu kwa safu mpaka ukutani; ikikosa pa kwenda pembeni, au ikiwa imepigiliwa skrubu kama ya kwangu, huinuka juu. Tulipoifumua, ndimi za vibao 11 zilikuwa zimekatika, na ulimi uliokatika hauungwi kwa gundi wala kwa dua. Dukani nilipata rangi ya jina lile lile lakini isiyofanana na ya kwangu hata kidogo, ndiyo maana kochi langu limekaa mahali pa ajabu, na wageni wakiuliza huwajibu kwamba ni mtindo.

Fundi nilikwisha msamehe, lakini muuzaji bado. Aliniapia kwamba bidhaa hii haiingii maji, kwa hiyo haina masharti, ilhali kutoingia maji na kutotanuka ni mambo mawili tofauti, na karatasi iliyomo ndani ya boksi aliloniuzia ilichora pengo la ukutani kwa mshale mnene ambao hata mtoto angeuelewa.

Acha basi pengo la milimita 8 hadi 10, au kadiri boksi lako linavyoagiza, kwenye kuta zote, nguzo na mabomba. Chomeka kabari za mbao unapotandika, na uzitoe ukimaliza. Skatingi, yaani ule ukanda wa chini ya ukuta, ndiyo itakayofunika pengo na kuwazuia hao mende, nayo ipigiliwe ukutani, isipigiliwe kwenye vibao. Makabati ya jikoni yafungwe kwanza, kisha vibao viyazunguke. Ile sakafu yako ya saruji nyekundu inafaa ikiwa kavu na haina mabonde: laza rula ya mita 3, na palipozidi kina cha milimita 5 pajazwe.

Zaidi ya yote, angalia fremu za milango, kwa maana hapo mafundi husogeza kibao kikagusa fremu badala ya kuikata chini kwa msumeno ili kibao kipite chini yake kikiwa na nafasi. Fundi wangu wa pili, mtu makini kweli kweli, aliisahau fremu moja tu, ya mlango wa jikoni, nayo tangu juzi, jua likiwaka, imeanza kulia.