Wababa wa mtaa wanataka kumwaga tuta usiku, ni sawa?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Mtaa wetu ulipigwa lami mwaka juzi tukafurahi vumbi limeisha, ila sasa magari yanakwepa foleni ya barabara kubwa yanakatiza kwetu kama yanafukuzwa, bodaboda ndo usiseme, na wiki iliyopita mtoto wa jirani kagongwa akitoka dukani, kavunjika mguu. Wababa wamechangishana, Jumamosi usiku wanamwaga zege la tuta. Mume wangu naye kachangia. Ni sawa? Na kama sio sawa tufanyeje, maana tumechoka.

JIBU: Mama pole sana, na mtoto mumpe pole zetu. Hasira yenu ni ya haki kabisa, barabara ikiwa ya mashimo gari linatambaa, ikipigwa lami bila matuta spidi inaingia siku hiyo hiyo.

Ila nawaomba Jumamosi zege lisimwagwe. Tuta la usiku huwa fupi na limesimama wima kama tofali, halina rangi wala kibao, na wa kwanza kuumia ni kijana wa bodaboda kabeba abiria gizani, au mjamzito kwenye bajaji. Masika ikija linaziba maji yanaingia sebuleni kwa watu. Halafu barabara ni ya umma, kujenga juu yake bila kibali ni kosa, mkilaumiwa kwa ajali hamtakuwa na cha kujitetea.

Tuta zuri lina mgongo wa kobe. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi, kilichotokana na majaribio ya Waingereza miaka ya 1970, ni upana wa karibu mita 3.7 na kimo cha sm 10 tu. Ukipita na kilomita 25 au 30 kwa saa hulisikii sana, ukija na 60 linakurusha. Na tuta moja halisaidii, dereva anapunguza hapo akimaliza anakanyaga mafuta tena, yanatakiwa kadhaa, kila mita 60 mpaka 100 hivi.

Kwa nini 30 wakati sheria yetu inaruhusu 50 maeneo ya makazi? Mtoto akichomoka ghafla, dereva anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 50 gari limeshakula mita 14 na breki bado haijaguswa. Aliyekuwa na 30, kwenye lami kavu, ndani ya hizo hizo mita 14 ameshasimama kabisa! Hapo ndo uhai wa mtoto ulipo.

Sasa njia. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zile kubwa ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aitishe mkutano, muhtasari uandikwe na watu wasaini, barua iende TARURA na nakala kwa diwani, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ambatanisheni ajali zote, tarehe na mahali. Kama ya huyo mtoto haijaripotiwa polisi ripotini, PF3 yake, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni ushahidi kuliko maneno ya mkutano mzima.

Na msiombe tuta peke yake. Hapo hapo Dar kuna mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioshinda tuzo ya kimataifa ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute) mwaka 2019, ambao umeweka njia za miguu, vigingi, zebra na matuta kwenye shule ambazo wanafunzi walikuwa wanagongwa. Kama kuna shule karibu itajeni kwenye barua. Ule mchango msiurudishe, muulizeni injinia wa TARURA kama unaweza kununua rangi na vibao kwa mchoro wake.

Wakati mnasubiri, wababa waende kijiweni kwa mwenyekiti wa bodaboda, vijana wake wanamsikiliza kuliko trafiki, wakubaliane spidi ya mtaani kwenu. Na asubuhi saa za shule mpangiane zamu watu wazima wawili wa kuvusha watoto pale dukani.