Maswali na Majibu: Tunataka kwenda Maziwe kwa boti Nane Nane, tupangeje?

SWALI: Habari za kazi nahodha. Sisi ni kikundi cha majirani wa Kisasa hapa Dodoma, tupo 22, tuna mfuko wetu wa kutembea kila mwaka. Mwaka huu 2026 tumekubaliana twende Pangani tukapande boti mpaka kisiwa cha Maziwe, na siku tumechagua Nane Nane kwa sababu ni sikukuu na imeangukia Jumamosi. Tumepata boti mbili za mashine, kila moja tumeambiwa inabeba watu 12. Wengi wetu hatujui kuogelea na wengine bahari hawajawahi kuiona. Mwenye boti anasema tuondoke saa nne asubuhi tukishakunywa chai. Kuna mwenzetu mmoja kasema tuangalie maji kupwa na kujaa, wengine wanasema mwezi wa nane hamna mvua kwa hiyo hali ya hewa sio shida. Tusaidie, tunapangaje? (Mhazini wa kikundi)

JIBU: Dada mhazini, nashukuru kwa swali, na huyo mwenzenu aliyesema muangalie maji mpeni shukrani zake maana kashika penyewe. Nikujibu moja kwa moja kwanza ndo nieleze: Nane Nane msiende Maziwe. Sogezeni iwe Ijumaa tarehe 14 Agosti, Jumamosi tarehe 15 iwe akiba, na siku ya safari mtoke mapema sio hiyo saa nne. Hizo boti mbili nazo hazitoshi, nitafika huko.

Nianze na hili la mvua maana ndo linalowaponza watu wengi wa huku kwetu bara. Mimi naishi Dodoma, kazi yangu ya boti iko pwani, na nikirudi nyumbani kila mtu ananiambia "sasa hivi si kiangazi, bahari itakuwa imetulia". Huku tumezoea hali ya hewa mbaya ni mvua, ikishapita ya mwezi wa nne tunasema basi hali ni nzuri mpaka Desemba. Baharini hesabu sio hiyo. Kwa boti ndogo mvua inawalowesha tu, kinachowatesa ni upepo, na mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndo kusi inavuma kwelikweli, inatoka kusini mashariki, anga jeupe kabisa jua linawaka na bahari imechafuka. Mnakumbuka MV Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, tarehe 18 Julai 2012, huo ni mwezi wa kiangazi, na ile ilikuwa meli ya abiria ukiilinganisha na hizi boti zetu za faiba. Sikutishi dada, nataka ukirudi kwenye kikundi uwaambie wazi kwamba "hamna mvua" sio jibu la swali la bahari.

Kama mngekuwa na uhuru wa kuchagua mwezi ningewaambia nendeni Oktoba mwishoni mpaka Novemba, kusi imeshachoka na kaskazi, ule upepo wa kaskazini mashariki, haijaanza, au Februari mpaka mwanzo wa Machi kabla ya masika. Lakini najua likizo na michango vina ratiba yake, kwa hiyo tubaki Agosti tuone inawezekanaje.

Sasa maji. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa, yaani kushuka, mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku saa zinasogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanapanda sana na yanashuka sana, tofauti inaweza kuzidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Na kuna kitu mabaharia wa pwani yetu wanakijua kichwani hata bila karatasi: siku za bamvua maji yanakuwa yamejaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni hivi, na yamekupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu inageuka, asubuhi ya saa nne ndo yamejaa.

Hili kwa Maziwe ndo kila kitu, kwa sababu Maziwe siku hizi sio kisiwa cha miti. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanapanda kutaga, miti ikaisha miaka ya 70 kuelekea 80, sasa ni fungu la mchanga lenye matumbawe mazuri pembeni, na maji yakijaa fungu linafunikwa. Mtu akiwapeleka saa mbaya mtazunguka na boti juu ya maji mnaambiwa "hapa chini ndo Maziwe". Kwa hiyo tarehe mnapewa na mwezi wa angani, kalenda ya sikukuu inakuja baadaye.

Weka tarehe zenu sasa. Agosti 2026 mwezi wa nusu ya mwisho ni tarehe 6, mwezi unaandama tarehe 12. Nane Nane iko siku mbili baada ya nusu, hapo ni maji mafu, na kwa hesabu yangu maji yatakuwa yanapanda asubuhi mpaka mchana. Mkiondoka saa nne mkafika karibu saa tano, fungu linazidi kupungua na upepo wa mchana ndo unaamka, yaani mmekosa vyote viwili. Bamvua lenyewe huwa linakomaa siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, kwa hiyo tarehe 13 na 14 ndo penyewe, 15 bado ni pazuri. Ijumaa tarehe 14 maji yatakupwa kama saa tano asubuhi, Jumamosi tarehe 15 yanasogea kuelekea saa sita. Hizo ni saa za kukadiria kwa mwezi, kabla ya kulipa chochote chukueni jedwali la maji, Mamlaka ya Bandari wanalo, na programu za simu zipo nyingi. Ukitumia programu angalia imewekwa saa za Afrika Mashariki maana nyingine inakupa saa za GMT, zile za Greenwich, unakuta mmepishana masaa matatu. Na ukiweka kwenye grupu usirushe picha ya jedwali tu, andika kabisa "saa tano asubuhi", kwa sababu ukirusha 10:50 kuna atakayesoma saa kumi na dakika hamsini jioni akachelewa kuamka.

Ratiba ya siku yenyewe ningeiweka hivi: saa moja na nusu watu wako ufukweni wamevaa, saa mbili boti zinaondoka, mwendo ni kama nusu saa mpaka dakika 45 kutegemea mashine na mawimbi, mnafika mchanga umeanza kutoka na unazidi kuongezeka wakati nyie mnaogelea na kupiga picha. Saa sita na nusu, ikichelewa sana saa saba, kila mtu yuko kwenye boti. Hapo watu huwa wanabisha, wanaona mchanga bado upo mwingi wanasema nahodha tuongeze saa moja. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kina chote mara kumi na mbili: saa ya kwanza baada ya kukupwa inapanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa bamvua la mita tatu na nusu ina maana ile saa ya tatu na ya nne maji yanapanda karibu mita moja kila saa, na kwenye mchanga ulio bapa hiyo mita inakula eneo kubwa sana kwa dakika chache. Hapo ndo upepo wa mchana nao umefika kileleni. Saa saba ni saa saba.

Sehemu ya kupandia pia ulizeni. Mkiondokea Pangani mjini mnapita mlangoni mwa mto, na asubuhi hiyo maji yatakuwa yanakupwa, yaani mto na bahari vyote vinasukuma kwenda nje huku kusi inasukuma kuja ndani. Maji yakikutana na upepo uso kwa uso mawimbi yanapanda juu na yanabanana, hata upepo mdogo unawarusha. Kwa watu wasiozoea ni bora mpandie upande wa Ushongo, ufukwe uko wazi hampiti mlango wa mto. Mkirudi mchana maji yanajaa, yanaenda upande mmoja na upepo, bahari inakuwa laini zaidi hata kama upepo umeongezeka kidogo.

Kuhusu upepo wenyewe, anzeni kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku tano kabla, ila msikate shauri mpaka jioni ya kuamkia safari. Kwenye taarifa yao ya kila siku watu husikiliza joto na mvua halafu wanazima, nyie sikilizeni pale mwishoni panaposema upepo wa pwani unavuma kutoka wapi kwa kasi ya kilomita ngapi, na hali ya bahari ni mawimbi madogo au makubwa kiasi. Mimi na abiria wasiojua kuogelea, upepo ukitabiriwa kilomita 20 kwa saa asubuhi naenda, ukifika 30 siendi. Wakitoa tahadhari ile ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hata kuulizana hatuulizani, tunabaki ufukweni tunachoma samaki. Wengine watakuambia wao wanaenda hata hapo, ni kweli wapo, lakini wao wanabeba wavuvi.

Ndo maana nikasema muwe na siku ya akiba. Tokeni Dodoma Jumatano usiku au Alhamisi alfajiri, Morogoro, Chalinze, Segera, ni siku nzima barabarani, mlale Pangani. Msishuke kwenye basi mkaingia kwenye boti, mtu aliyechoka ambaye hajalala ndo wa kwanza kutapika, na akianza mmoja kwenye boti la watu kumi wanafuata wengine. Ijumaa ikigoma mnayo Jumamosi. Zote zikigoma mnakubali.

Sasa boti. Umesema kila moja inabeba 12 na nyie mko 22, nikigawa napata 11 kila boti, lakini hujamhesabu nahodha na msaidizi wake. Hao wawili wakiingia mko 13. Hiyo namba 12 ichukulieni ni ya watu wote walio ndani, tena bila majiko na makreti ya soda. Chukueni boti ya tatu, au itafutwe kubwa zaidi. Ombeni kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kimeandikwa idadi ya watu, usione aibu kuomba wewe ndo unayelipa. Laifujaketi zihesabiwe ufukweni siku moja kabla, ya kila mtu, na kama kuna watoto ziwe za watoto, maana ya mtu mzima inamvuka mtoto kichwani. Zivaliwe kuanzia mchangani mpaka mchangani, kukalia laifujaketi hairuhusiwi hata kwa yule anayesema kakulia ziwani.

Mafuta ni theluthi tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Kama kwenda ni lita 15 boti inatoka na 45. Boti zikiwa zaidi ya moja mwendo ni wa ile ya polepole, hamna kushindana, na kila nahodha aione ya mwenzake muda wote. Kila boti iwe na redio ya VHF inayosikiliza chaneli 16, ile ya dharura, simu ziwekwe kwenye mfuko usioingia maji. Majina ya waliopanda kila boti yaandikwe, nakala abaki nayo mtu wa nchi kavu pamoja na saa mnayotegemewa kurudi. Na Maziwe hakuna hata kivuli cha kijiti, kwa hiyo kofia na maji ya kunywa ya kutosha, pia kuna kiingilio cha hifadhi, ni eneo tengefu, kiwekeni kwenye bajeti.

Kama kikundi kinang'ang'ania Nane Nane haswa, basi badilisheni mahali. Pandeni SGR mpaka Dar, mwende Mbudya kwa kupandia Kunduchi, ni kisiwa chenye miti hakizami, maji mafu hayawaharibii chochote. Upepo bado mtauangalia vilevile, na asubuhi bado ndo wakati wa kuvuka.

La mwisho linakuhusu wewe kama mhazini. Kabla hujatuma advansi, mwandikiane na mwenye boti, hata kwa meseji, kwamba nahodha akisema leo hatutoki kwa sababu ya upepo, ile hela inahamia siku inayofuata, na siku zote mbili zikishindikana inarudi kiasi fulani mnachokubaliana. Nahodha ambaye akiahirisha anapoteza hela yote ya siku atashawishika kutoka hata pale moyo wake unapokataa, na abiria waliokwishalipa nao watamsukuma. Hiyo meseji ikishakuwepo kila mtu anabaki huru kusema hapana, kuanzia yeye mpaka yule mama wa kwenu ambaye bahari hajawahi kuiona.